Kulwa, Mchanga Ulikuwa Wangu

Mpendwa Kulwa, dada uliyenitangulia kuzaliwa na ukanitangulia kufa,

Mwangaluka. Najua hutaitikia, lakini mama angenisema nikianza maneno kabla ya salamu.

Kijiji chetu bado kiko nyuma ya Nkoma, kidogo vilevile. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa mbugani unavua watu viatu. Kiangazi mto unabaki mchanga mtupu, wanawake wanafukua visima na ng'ombe wanasubiri zamu. Ukitaka kitu cha maana unapanda baiskeli kwenda Bariadi, na ukifika umeshasahau ulichokifuata. Vile vilima vya mawe tulikopanda kuchungulia vumbi la malori bado viko. Siku hizi wanapanda watoto wengine.

Unakumbuka tulivyokuwa tukichambua pamba? Mama alitandika turubai uani, wewe ukashika pamba safi, mimi nikashika fifi, ile yenye madoa. Karani wa chama cha msingi akiona jani moja tu alikurudisha nyumbani na furushi lako kichwani. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi wakaja na malori na mizani yao, wakazoa safi na fifi pamoja. Mama alicheka: "Haya, hata fifi imepata mchumba." Wewe hukucheka. Uliendelea kuchambua peke yako, nami nikakuita mshamba.

Msimu uliofuata kila nyumba ilikuwa na ujanja wake. Wapo waliomwagia pamba maji, wapo waliotia mchanga. Tuliambiana kwamba mizani yao nayo inatuibia, kwa hiyo mwizi kamwibia mwizi. Asubuhi moja, wewe ukiwa shambani, nilichota mchanga mtoni nikauficha katikati ya furushi langu. Nilitaka kitenge kipya cha kuvaa siku ambayo wakwe zangu wangekuja kuzungumza habari za ng'ombe wa mahari. Nimekuwa nikijitafutia sababu nzito zaidi ya hiyo miaka yote hii, na sijaipata.

Karani wa lori siku ile alikuwa mtu mpya. Alilifungua furushi akalimwaga, na mchanga ukamwagika miguuni pake mbele ya kijiji kizima.

"La nani hili?"

Nyumbani kwetu wewe ndiye uliyesema kwanza siku zote, mimi nikafuata. Uliniangalia. Ukasema, "Langu." Nami nikanyamaza.

Wakwe walikuja, ng'ombe wakaja. Wewe ukapewa jina, Kulwa Mchanga. Wachumba wawili walilisikia wakageuka njiani, wakarudi kwao. Mwishowe ukaolewa Malampaka, mke wa pili kwa mtu aliyekuzidi miaka mingi. Asubuhi ya kuondoka kwako nilikubebea sanduku hadi njia panda, nikitamani unitukane yaishe. Ulisema tu, "Nilikuwa nakungoja useme, Doto. Nilidhani utasema." Gari likaja, ukapanda.

Nilikufuata Malampaka mara tatu. Nilikuletea kuku, nikakuletea michembe ya viazi vikavu, tukakaa tukazungumza habari za mvua. Hata mara ya mwisho, ulipokuwa kitandani huwezi kujigeuza, nilizungumza habari za mvua. Naona aibu, dada yangu. Naumia.

Mwaka huu binti yako Minza amerudi huku kwetu kulima shamba lako la bondeni. Wiki iliyopita alipeleka pamba kwenye mizani, nami nilikuwapo, na furushi lake peke yake ndilo lililomwagwa chini. "Huyu ni wa Kulwa Mchanga, tumwangalie vizuri," kijana mmoja wa mizani akasema, wenzake wakacheka. Pamba ilikuwa nyeupe tupu, Kulwa. Ulimfundisha vizuri.

Hapo nikasema. Sauti ilitoka vibaya, lakini nilisema: "Mchanga ule ulikuwa wangu mimi. Kulwa hakuutia." Wazee wachache waliinamisha vichwa. Vijana waliona ni kichekesho cha bibi. "Mayu, hayo ya zamani, tupishe tupime." Nikainama kumsaidia Minza kuzoa pamba yake, akanizuia mkono.

"Acha, mama mdogo. Nitaokota mwenyewe."

Hajakanyaga kwangu tangu siku hiyo, na simlaumu. Barua hii nimeiandika wazi, na nitaomba isomwe kanisani Jumapili, jina lako lisafishwe hata kwa wale ambao hawakuwapo. Najua wengi watasikiliza kidogo kisha wataenda kula.

Minza ana haki ya kunikatalia, na amenikatalia. Wewe nilikungoja mpaka usiweze tena kukataa, ndipo nikaja kukuomba msamaha. Nakuomba hivyo hivyo.

Pacha wako,
Doto