Mkutano Ulioanza kwa Wakati

Jumamosi

Kumbe na mie naweza kuanza mkutano kwa wakati. Miaka yote niliyokuwa mtendaji wa mtaa hapa Mbagala, nikitangaza saa nne watu wanajua ni saa tano. Leo ofisa wa manispaa alikuja kuchukua vipaumbele vyetu vya mpango wa miaka mitano, nikajitia nidhamu. Saa nne kamili nikafungua.

Waliokuwepo ni wa huku juu, majirani zangu. Wakanyoosha mikono: lami. Ofisa akaandika, akanisifu, akaondoka.

Wa bondeni walikuwa bado njiani. Kivuko chao kilichukuliwa na mvua, watoto wanakwenda shule kwa kuvuka mtaro juu ya gogo la mnazi. Nalijua hilo. Ningeweza kusubiri. Najiambia nilitaka sifa tu, lakini hiyo lami inapita mlangoni kwangu na...

Wa kwanza kufika alikuwa Bi Zuhura, kamshika mjukuu mkono. Nikamwamkia, nikamwambia tumeshamaliza. Afadhali angenitukana.

“Tusamehe, mwanangu,” akasema. “Sie ndo tumechelewa.”