Chupa Iliyokuwa Chini ya Mto Wako

Mpendwa kaka Musyoka,

Jana nilikuwa juu ya mitende ya bosi kule Al-Nuzha nikakukumbuka. Mwiba wa mtende ndio ulionichoma jicho siku ile, nawe ulikuwa zamu ya ulinzi bandarini. Baada ya siku kadhaa ukungu ukaingia polepole, kama mvuke wa chai kwenye kioo, na chumba chetu cha Al-Baghdadiyah kikaanza kuelea.

Unakumbuka basi la kwenda hospitali ya macho Riyadh? Nilikuwa nimefungwa bandeji, nawe ukaomba ruhusa kazini unisindikize. Njia nzima ulinisimulia jangwa. "Ngamia," ulisema. Ukachungulia tena dirishani. "Ngamia mwingine. Huyu ana madharau." Nilicheka hadi jicho likauma. Mpaka leo sijui kama wale ngamia walikuwepo.

Daktari alivuta maji kidogo kutoka ndani ya jicho kwa sindano, yakapelekwa maabara. Tulingoja siku nyingi. Akarudi akasema ni fangasi, iliingia na mwiba. Akauliza kama nilitia dawa yoyote, nikatoa ile chupa ya matone ya macho mfukoni. Akatikisa kichwa. Matone yale hutuliza wekundu, akasema, lakini pia huzima kinga ya jicho, na fangasi hunenepa hapo. "Nani alikupa?"

Nikasema ni wewe.

Ukaangalia chini. Alikugombeza mbele ya watu, nawe ukasema tu, "Pole, daktari."

Kaka, hukunipa. Nilikuomba ukakataa, ukasema uliandikiwa wewe, kwa jicho lako. Nikaichukua chini ya mto ukiwa kazini. Niliona aibu, basi.

Walinidunga dawa ndani ya jicho mara tatu, kisha wakanipasua wakasafisha ute wa ndani ya jicho. Jicho lilibaki, ila linaona mwanga tu: asubuhi rangi ya uji, jioni rangi ya chungwa. Nimelizoea. Nisichokizoea ni vile vijana wa chumbani, niliowadanganya pia, walivyokuita "Daktari" na kucheka, hadi mkataba wako ukaisha ukarudi Kitui. Nilingoja useme ukweli. Wapi! Ulifunga begi lako ukaniaga vizuri.

Barua hii nimewasomea wao kwanza. Hakuna aliyecheka.

Ukipiga simu, usianze na habari ya msamaha. Nisimulie tu kilichoko nje ya dirisha lako, hata kama hakipo.

Ni mimi, ndugu yako wa kitanda cha chini.