Egetinge Mguuni kwa Nyanchera

Gesima, Nyamira

Kwako dada yangu Eucabeth,

Pokea salamu zangu, na za Mama pia, anayeuliza kama huko Nakuru umejua kupika au bado unaunguza ugali. Huku tu wazima, hata ng'ombe. Mimi pia naonekana mzima, ila chakula hakinishuki. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungesikia sauti ikitetemeka, unicheke.

Nilipata kibarua cha kuchimba. Si choo, ngoja! Mtaalamu anayeitwa Madam Anyiko anafukua boma la zamani, na alinichagua kwa kuwa mkono wangu ni mwepesi kushinda wa hao wenye vyeti. Tumetoa shanga na pete za chuma za miguuni, zile nyanya zetu huita ebitinge. Madam anasema aliyezivaa labda alikuwa maskini, maana waya ni mwembamba, umeungwaungwa. Lakini naye alitaka kupendeza kama wake wa matajiri.

Sasa Nyanchera, yule jirani mchuma chai, ni mgonjwa. Alienda sokoni na egetinge, yaani moja ya pete hizo, mguuni, akapiga picha, wasichana wakaona wivu. Halafu mguu ukavimba, chuma kikazama kwenye nyama. Daktari ameagiza pete ikatwe leo, la sivyo mguu utaoza. Nyanya yake, Bitutu, akakataa kabisa. Alisema mke huvishwa na mumewe, na haikatwi mpaka mume azikwe. Ukiikata mapema unamwita mume kaburini. Akamuuliza Nyanchera nani alimvisha. Nyanchera akasema aliokota, akavaa. Nyanya akamjibu kwamba chuma hakijikazi chenyewe.

Dada, ni mimi. Niliiiba nikaificha ndani ya buti, nikamkazia kwa koleo, nikijigamba kwamba hata binti wa mheshimiwa hana kama hiyo. Nyanchera ananificha nisishikwe, na homa inampanda. Mimi niliyekuwa nikicheka mambo ya wazee, leo nikigusa msumeno naurudisha chini.

Nikifunga bahasha hii naenda kwao. Nitamwambia Nyanya kwamba mume anayemwogopea ni mimi, na nimekubali ikatwe. Nitaikata mwenyewe. Vipande nitampelekea Madam, akitaka anifukuze.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama bado hajui, usimwambie. Ukipiga simu nisipokee, usilie kwanza; uliza kama Nyanchera anatembea.

Mdogo wako, mwoga lakini mtanashati,
Omosa