Maji Uliyonichemshia

Mama,

Tangu tukuzike sijatulia. Naandika mistari miwili, naenda kuangalia kama mlango umefungwa, narudi. Chai yangu imepoa mara ya pili sasa.

Nina neno nawe. Unamkumbuka Apio, yule binti anayenisaidia kusuka saluni kule Kabalagala? Jumatatu asubuhi alikuja hapa kwangu Kawempe, gauni limechanika begani, akasema mwenye nyumba wake amembaka. Nikafanya ulivyonilea: nikawasha sigiri, nikateleka maji, nikatoa beseni na sabuni. Kwetu mtu akifika amechoka, kwanza hupewa maji ya kuoga. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Maji yalipoanza kutoa mvuke ndipo nikakuona. Nikajiona na mimi, miaka kumi na sita, nimesimama ndani ya beseni kule kambi ya askari alikofanya kazi Baba, wewe unanisugua mgongo huku unalia. "Oga, mwanangu, yaishe. Baba yako asijue." Gauni langu la shule ulilifua mwenyewe, mara mbili, ukalianika. Ushahidi wote ukaenda na maji yale, naye aliyenibaka alikuwa Afande wa nyumba ya pili, rafiki wa Baba. Hayakuisha, Mama. Ninayo mpaka leo.

Nikaipua sufuria. Apio akasema, "Dada, nataka kuoga tu." Nikamwambia namwamini, na kosa si lake, ila asioge wala asibadilishe nguo mpaka daktari amwone. Nikamfunika leso yako ya kijani, tukapanda boda wote wawili. Hospitalini walimpima, wakampa dawa, wakachukua na nguo zake. Kituoni kwa polisi tukaandikisha kesi. Tulipokuwa tunarudi nikamwambia, "Hata mimi." Sikuwahi kulitamka hilo mbele ya mtu. Akanishika mkono.

Jioni ndipo nikamchemshia maji yake. Alikaa bafuni mpaka nikaanza kumwita.

Sasa mwenye nyumba anatuma wazee, eti yamalizwe nyumbani. Apio amekataa. Kesi itafika wapi sijui, lakini amekataa, msichana mdogo vile, na mimi naona aibu. Maana Afande alibeba jeneza lako, Mama. Alinipa pole, akaniwekea mkono begani, nami nikamjibu asante. Nilimwambia asante.

Uliniapisha ninyamaze, nikanyamaza. Najua uliogopa tungefukuzwa kambini tukose pa kulala. Nakuelewa. Bado nina hasira nawe, na bado nakulilia.

Alhamisi namsindikiza Apio tena kituoni. Akimaliza yeye, nitakaa kwenye kiti kilekile nilitaje jina la Afande. Kile kiapo cha kambini nimekivunja. Nakuahidi hili badala yake. Pumzika, Mama. Siku hiyo leso yako nitajifunga mimi.

Mwanao