Fundo la Kaka Yona Halikufunguka

Jumamosi, 12 Julai

Kwako kaka Yona,

Vwawa imeamka na baridi ya kuuma masikio, na upepo ule uliokuwa unauita mbaya kwa kupanda juu ya mti. Tumepanda hata hivyo. Naandika mikono ikinuka utomvu na petroli, harufu ambayo mama alikuwa anakufukuzia jikoni.

Nianze na kosa langu. Leo nimedanganya.

Nilimwambia Laban, mwenzetu wa kazi, kwamba kifundo cha mguu kinaniuma, siwezi kupanda. Tangu tukuzike mwezi wa tatu, mimi ndiye ninayepanda na kukata matawi, yeye anashika kamba chini, kama alivyokushikia wewe. Watu wananiuliza ninawezaje kufanya kazi naye.

Ninaweza kwa sababu nilikuwa nasubiri siku atakayopanda yeye.

Kazi ilikuwa kwa Mama Sekela, yule mzee wa kanisa aliyeongoza sala msibani kwako. Mlingoti wake, ule mkaratusi mrefu, umeinamia paa la nyumba. Laban akavaa mkanda wako, ule ulioushona kwa utepe wa kufungia mizigo ya malori, uliopewa na dereva pale Tunduma. Herufi Y uliyoichora kwa kalamu bado inaonekana.

"Ni mguu au ni uvivu, Obedi?" akanicheka. "Usije ukasinzia huko chini. Mimi nina watoto."

Wewe pia ulikuwa na mtoto.

Wengine watakaoisoma barua hii huenda hawaijui kazi yetu. Mpandaji anapanda na mkanda uliozunguka shina. Akitaka kutoka kwenda kwenye tawi, anaufungua mkanda na kubaki na kamba tu. Kamba hiyo imefungwa kiunoni mwake, inapita kwenye panda ya matawi ya juu, inashuka hadi kwa mtu wa chini. Mtu wa chini anaizungusha mara mbili kwenye shina la mti wa jirani, ndipo anashika. Mpandaji anaita, "Umeshika?" Hafungui mkanda mpaka asikie, "Nimeshika."

Siku moja nilijibu kabla sijazungusha. Ulishuka mti mzima kuja kunigombeza, halafu ukamenya chungwa ukanipa nusu. Sijarudia.

Siku uliyoanguka, Laban alikujibu "Nimeshika" kamba ikiwa imelala kwenye majani. Kisha akasimama mbele ya waombolezaji, akalia, akasema fundo lako lilifunguka lenyewe. Mama aliamini. Mpaka leo kule kwetu Ibaba anawaambia wageni, "Mwanangu alifunga vibaya." Wewe, uliyekuwa unakagua fundo langu kabla ya lako.

Lakini fundo lako nililifungua mimi, hospitalini. Nesi alitaka kulikata kwa mkasi, nikamwomba aniachie. Lilikuwa limekaza kama ulivyolifunga asubuhi. Ilibidi nitumie meno. Niliposema hivyo nyumbani, waliniambia ni uchungu unanisemesha.

Basi leo Laban akafika juu. Ana haraka siku zote. Alifungua mkanda kwanza, akatambaa kwenye tawi, ndipo akaita.

"Umeshika?"

Nilikuwa nimeshika. Mizunguko miwili, kama ulivyonifundisha. Sikujibu.

"Obedi! Umeshika?"

Nikatazama juu tu. Upepo ukalitikisa tawi, akalikumbatia kwa mikono na miguu. Mkanda ulibaki shinani, mbali na mkono wake.

Mama Sekela alikuwa anaanika nguo. "We Obedi, umeziba masikio? Mjibu mwenzio!"

"Mama, mwulize yeye kwanza siku ile alimjibu nini Yona."

Hapo nikafanya jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilitoa mzunguko mmoja. Kamba ikalegea kidogo, naye akaisikia kiunoni. Ukelele alioutoa sikuwahi kuusikia kwa mtu mzima. Na mimi, kaka, nilifurahi. Ninayehamisha kiota cha ndege kabla ya kukata tawi, nilifurahi.

"Sikushika!" akalia. "Nilikuwa naongea na simu! Nilisema nimeshika, kamba ilikuwa chini! Obedi ndugu yangu, nakuomba!"

"Na fundo?"

"Fundo lake lilikuwa zima! Nilimsingizia!"

Mama Sekela aliliachia shuka likaanguka kwenye vumbi. Hakuliokota.

Nikarudisha mzunguko, nikakaza. Nikasema, "Nimeshika." Nilimteremsha polepole hadi miguu yake ikagusa ardhi. Alikaa chini, akashindwa kufungua fundo lake mwenyewe. Nikamfungulia. Sikumsaidia kusimama.

"Nisamehe," akasema.

"Sikusamehe. Kesho unakwenda Ibaba kumwambia mama, kwa mdomo huo huo."

Mama Sekela akasema, "Na mimi nakwenda. Atasema mlangoni, majirani wakiwepo, kama alivyosema msibani." Kisha akanigeukia. "Na wewe, Obedi, ulitaka kumwua?"

Nikaanza kuikunja kamba. Mchana kutwa viganja vyangu vinakumbuka ile kamba ilivyolegea, na sehemu yangu moja inajuta kwamba niliikaza tena.

Nilipanda mwenyewe nikaushusha mkanda wenye herufi yako kutoka shinani. Uko hapa mezani, umeoshwa. Hatauvaa tena, wala mimi sitamshikia kamba mtu huyu, wala yeye hatanishikia. Nimeyaandika haya hadharani kwa sababu uongo wake aliusema hadharani.

Kesho mama atajua kwamba ulifunga vizuri. Nimemnunulia machungwa.

Huko uliko, kaka, nikumbuke. Ule mzunguko nilioutoa usiusahau, sistahili kufutiwa hilo. Ila nikumbuke pia kwamba niliurudisha.

Mdogo wako,
Obedi