Athumani, Nilichagua Kile Kizito

Athumani, rafiki yangu,

Barua hii nimeianza mara nyingi, na kila mara naishia kwenye jina lako. Leo nimefunga kibanda mapema. Mteja aliyeleta viti vya Noah yake kushonwa nimemwambia arudi kesho, cherehani nimeifunika, nimekaa. Uliniuliza swali ukaondoka kabla sijakujibu. Nataka nikujibu, halafu nikwambie mengine.

Unaikumbuka asubuhi ile ya Jumamosi. Ulikuja hapa na boksi lililoshuka na basi kutoka Dar, kwa yule binamu yako anayeuza spea. Ndani mlikuwa na vichwa vitatu vya gia, vyote vya titaniamu, vimefungwa kwenye magazeti kama vikombe vya harusi. Binamu alisema uchague kimoja, viwili vimrudie. Kile cha zamani cha Altezza yako nyuzi zake za ndani zilikuwa zimelika, kinacheza mkononi kama jino la mtoto. Wewe mwenyewe ulikuwa umeshakipenda kile cha bluu, kile kilichochomwa moto mpaka kikatoa rangi ya shingo ya njiwa. Mimi nikakucheka. Nikakuuliza kama unanunua kichwa cha gia au hereni.

Ukanirushia funguo. Ukasema, "Basi nenda navyo barabarani, Yohana. Wewe mkono wako umezoea kupima vitu. Vijaribu vyote uniambie ukweli. Usinifurahishe."

Ukapanda Hiace kurudi Ihanja. Ulisema unataka uende Sepuka kuangalia alizeti za mashine yako ya kukamua mafuta, jioni tuonane. Mimi nilikuwa nimeshakaa kwenye usukani. Hata sikukusindikiza mpaka barabarani.

Nilikwenda mpaka Ikungi na kurudi. Nilianza na kile kirefu, chembamba. Kinakuja karibu na usukani, mkono hausafiri mbali, lakini gia zenyewe zinakuwa na mwendo mrefu, unasukuma mpaka unachoka kuisubiri ya tatu iingie. Nikasimama pembeni, nikafunga cha bluu. Kizuri, sikatai. Lakini ndani kitupu, Athumani. Ni kama kushika ganda la yai. Gia unaiingiza kwa nguvu zako mwenyewe, chenyewe hakikusaidii kitu. Ndipo nikafunga kile cha mviringo, kilichojaa, kizito. Hicho ukikisukuma kidogo tu, uzito wake unamalizia. Ya pili inaingia kama kisu kwenye siagi. Nilikuwa narudi mjini, barabara nyeupe, upepo wetu ule unaligonga gari ubavuni, nikawa napandisha gia na kushusha bila sababu yoyote. Nikacheka. Peke yangu ndani ya gari nilicheka kwa sauti kama kichaa.

Simu ilikuwa kwenye koti, koti lilikuwa kiti cha nyuma.

Nilipoiangalia ilikuwa imejaa majina. Mama yako. Rehema mkeo. Namba nisizozijua. Wakaniambia lori, wakaniambia njia ya Sepuka, wakaniambia dereva wa boda amevunjika mguu ila yu hai. Nikawauliza, na Athumani? Mtu aliyekuwa kwenye simu akasema, "Pole, Yohana."

Sikuwahi kumuuliza mtu ilikuwa saa ngapi. Naogopa jibu. Lakini hata bila kuuliza najua: wewe ulikuwa umelala kwenye vumbi, na mimi nilikuwa nacheka ndani ya gari lako. Ningekuwa sina gari lako, ungekuwa ndani yake. Wanangu, mke wangu, mchungaji wetu, wote wamenieleza kwamba hilo si kosa langu. Wanaeleza vizuri sana. Nawaitikia.

Makaburini mjomba wako alinipa koleo. Nilisita, nikajiona mgeni kwenye dini yenu, akanisogezea akasema, "Tia, huyu alikuwa ndugu yako." Nikatia udongo. Tulipotoka, Altezza ilikuwa imesimama pale nje inang'aa, na mzee mmoja akasema tu, bila ubaya, kama mtu anayejisemea, "Gari zima, mwenyewe hayupo." Athumani, neno lile nililala nalo na kuamka nalo.

Nikarudisha kile kichwa cha zamani, vile vitatu nikavitia kwenye mfuko, mfuko nikautupa kwenye kidroo cha mbele, gari nikalifunika turubai nyuma ya kibanda. Niliapa mkono wangu hautashika titaniamu ile tena. Nikawa naliwasha tu ili betri isife, silitoi. Rehema alikuwa kwenye eda, na tumbo linakua, na kila nikienda Ihanja kuwajulia hali nilikwenda kwa Hiace. Mama yako hakuniuliza gari hata siku moja. Hilo nalo liliniuma. Ningependa aniulize kwa ukali.

Mwisho nikaona siwezi. Siku moja mchana nikavua turubai nikalipeleka Ihanja, nia yangu niweke funguo mkononi mwa Mama, nimwambie uzeni, nisilione tena. Naingia uani, "Shikamoo Mama," hakuitikia. Alikuwa amemshika Rehema kiunoni, Rehema ameinama ameshika ukuta. Nesi wa pale kijijini alikuwa kasimama nao, anasema mtoto amekaa vibaya, aende hospitali mjini sasa hivi, na gari la wagonjwa limekwenda na mtu mwingine. Mama akaniona na funguo mkononi. Akasema, "Mungu amekuleta. Washa."

Tukamlaza Rehema kiti cha nyuma, Mama akakaa naye, kichwa chake mapajani. Nikaondoka. Na hatukufika mbali, nakwambia, navuta gia ya nne, kichwa kile cha zamani kikatoka. Kikabaki mkononi mwangu chote, na pale chini kikasimama kichuma kitupu chenye nyuzi. Nikajaribu kwenda hivyo hivyo. Kinateleza, kinakata kiganja, kwenye kilima kidogo nikaikosa gia gari likazubaa katikati ya barabara. Nyuma Rehema akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu.

Nikasimama pembeni. Nikafungua kidroo. Nikaingiza mkono kwenye mfuko bila kuangalia, na mkono ukaenda moja kwa moja kwenye kile kizito. Nilikigusa nikakiacha. Nikagusa cha bluu, chako. Nikakiacha na hicho. Nadhani nilikuwa nimeanza kulia, sijui. Mama akapaza sauti kutoka nyuma, "Yohana, unangoja nini? Funga hicho twende!" Na Rehema, akiuma meno, "Shemeji, endesha!"

Nikafunga kile kizito.

Sasa hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Gia ziliingia, Athumani. Zote. Pale kwenye kona, pale kwenye punda, pale malori yanapofuatana, mkono wa kushoto ukawa unajua wenyewe. Na mke wako anaugulia nyuma yangu, na mama yako anasoma dua, na mkono wangu, Mungu anisamehe, mkono wangu ulifurahi. Furaha ile ile ya siku ile. Nilidhani imekufa na wewe, kumbe ilikuwa inanisubiri kwenye mfuko. Nililia njia nzima na sikukosa gia hata moja.

Hospitali walimpasua. Ni binti. Ana masikio yako, maskini, yametokeza hivyo hivyo kama mikono ya kikombe. Wamempa jina la bibi yako, Zainabu. Mama alinipa nimshike wakati anafunga kanga yake vizuri, na nikaona kwamba nimemshika kabla yako, nikamrudishia haraka. Akaniangalia.

Tukakaa kwenye benchi pale nje. Nikatoa funguo, nikamwekea kwenye mkono. Nikamwambia yote: kwamba lau nisingekuwa na gari, kwamba nilikuwa nacheka. Sikumficha. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Nani alimtuma Sepuka?"

Nikainua kichwa.

"Mimi," akasema. "Yeye alitaka akusubiri mpaka jioni, mwende naye na gari. Mimi nikamwambia wenye alizeti watauza kwa wengine, panda boda uwahi. Nimekuwa nikikuona unakuja nyumbani na Hiace, umeinamisha kichwa, najiambia huyu mtoto amejua, ananichukia." Akazirudisha funguo mkononi mwangu, akavifunga vidole vyangu juu yake. "Kumbe wote wawili tulikuwa tunajificha."

Nililaza kichwa begani kwake kama nilivyokuwa nikifanya tukiwa wadogo mimi na wewe, tukitoka kuchapwa.

Usidhani nimepona. Kuna asubuhi nashona, sindano inasimama, nakuona unapanda Hiace ile. Lakini sasa tukikaa na Mama tunakutaja, zamani tulikuwa hatukutaji.

Basi jibu lako ndilo hilo. Kirefu kinachosha. Cha bluu kizuri kwa macho tu, nisamehe, ndicho ulichokipenda. Kizito ndicho gari. Uliniambia nisikufurahishe. Binamu yako nilimpigia nimrudishie hivyo viwili; akaniambia kirefu kinatosha, cha bluu nikiache pale nyumbani kwako, wala nisimtajie habari hizo tena. Rehema amekiweka dirishani. Jua likipiga, mtoto anakikodolea macho.

Na kuna jipya. Rehema hataki kuuza gari. Eda iliisha siku alipojifungua, lakini alikaa ndani mpaka kidonda kikapona, halafu akatoka akaniambia, "Shemeji, nifundishe." Mashine ya kukamua ni yake sasa, anasema hataki kuombaomba usafiri. Tunakwenda kwenye uwanja wa mpira jioni. Anaachia klachi kama mtu aliyekanyaga nyoka, gari linaruka linazima. Juzi lilizima mbele ya mbuzi, mbuzi hata hakujisumbua kuhama, na Rehema akacheka. Mara yangu ya kwanza kumsikia tangu uondoke. Nikacheka naye, halafu ikanijia ile hali, nikataka kuacha. Sikuacha. Ningeacha, ningemwacha anacheka peke yake.

Alhamisi anataka kwenda Sepuka, kuwaona wale wenye alizeti. Ataendesha yeye. Njia ile mimi sijaipita tangu siku ile. Nimemwahidi, na sasa nakuahidi wewe, nitakaa kushoto kwake, na tukifika mahali pale hatutapita kama wapita njia. Tutasimama. Nitashuka, nitavua kofia, nitakaa chini kwenye vumbi lile na wewe. Sijui nitasema nini.

Rehema amesema nisikae sana pale. Mtoto atakuwa kwa Mama anataka kunyonya, na nikichelewa yeye Rehema atanipigia honi.

Mungu akulaze pema, ndugu yangu. Nikiisikia honi nitainuka.

Yohana