Korongo Wameshuka, Mon Commandant

Ukumu, rafiki yangu,

Mimi mwenye kukuandikia niko na miaka sabini na nane. Nimepita Zaire na pesa yake ya makuta, nimepita bibi wawili niliowaoa, nimepita na dokta aliyesema sitamaliza mwaka: yeye ndiye alizikwa. Sasa nimekupita na weye, weye uliyeapa utatupa udongo juu yangu. Vumilia maandiko yangu. Masomo yangu iliishia mwaka wa tatu. Lakini macho! Hakuna profesa hapa Bunia anaona mbali kama mimi.

Korongo wamekuja.

Unajua mambo yetu. Kila saison sèche, kiangazi chetu, wale ndege weupe wakikimbia baridi ya Ulaya, weye chini Kasenyi kando ya ziwa, mimi huku juu Bunia, mwenye kuwaona wa kwanza ndiye commandant. Mwenye kushindwa anasimama wima, visigino pamoja, anasema "Mon commandant" mpaka ndege warudie kwao. Na kuwaona angani haihesabiwi. Lazima washuke kwenye majani iliyoungua, wakamate panzi. Weye umekufa ukiwa commandant. Hiyo sijakusamehe.

Mwaka huu nilijua cheo ni changu, hakuna wa kubisha. Nikakaa karibu na uwanja wa ndege mpaka wakashuka, wengi, wakitembea kwenye majivu kama mapadri. Kwa furaha nikashika telefone, nikapiga namba yako. Mukono ulisahau, Ukumu. Mukono tu.

Mutu akaitika!

"Muzee, umechelewa. Kwetu walishuka jana. Simama."

Ilikuwa Étienne, mutoto wa dada yako, yule mushona nyavu. Nikamushuku palepale. Amerithi telefone, sasa anataka kurithi na cheo? Nikamutegea: "Walikaa vizuri juu ya ng'ombe?"

"Wa ng'ombe ni yangeyange, muzee. Usinizarau."

Mujanja. Nikamuuliza nani alimwambia mambo ya kusimama, maana ile ilikuwa yetu siye wawili. Nikasema moyoni, mwizi nimemushika. Nikashuku alikupekua ukiwa kitandani. Nikashuku bibi yako. Nikashuku hata Mama Fibi, anayepandisha samaki kutoka Kasenyi kila asubuhi, na maneno pamoja na samaki.

Kisha akasema polepole: "Ni mujomba mwenyewe. Karibu na mwisho aliniambia: ukae juu ya mutumbwi wangu, uangalie korongo upande wa mulima. Yule muzee wa Bunia akikosa mutu wa kubishana naye, atanifuata mbio."

Ukumu. Weye... Ulikuwa unakosa pumzi, na bado ulikuwa unapanga namna ya kunishinda toka kaburini!

Sikukubali haraka, unanijua. Kesho yake nilimungojea Mama Fibi sokoni, nikamuhoji kama polisi. Akaapa: korongo wa kwao walishuka siku moja mbele ya wangu, kwenye majani iliyoungua nyuma ya vichanja vya samaki, Étienne akikimbia na kupiga makelele kama mutu ameshinda mpira. Bado nashuku. Étienne na Mama Fibi wanachekeana sana.

Lakini sheria ni sheria. Nikasimama palepale katikati ya soko. Magoti ikalia kama mulango wa zamani. Visigino pamoja. "Mon commandant." Ni weye nilikuambia, si Étienne. Yeye ni délégué, mutu wako wa kutumwa tu, na nitamuhoji kila mwaka.

Nakuahidi, saison ijayo nitakuwa kwenye majani kabla ndege hawajatoka kwao. Jitayarishe kushindwa. Kwa sasa lala, ndugu yangu. Mwaka huu kazi ya kusimama ni yangu.

Shahidi wangu ni Mama Fibi. Aliniona, akacheka mpaka akaweka kikapu chini. Lakini siku moja akikufikia huko, akikuambia eti nililia, hapo usimwamini. Ilikuwa moshi wa majani.

Gaston wako